Mto Una Wageni

Mpendwa ndugu yangu Bakari, wa ziwa moja,

Sijui marahaba yangu nikutumie wapi. Ulizoea kunipitia asubuhi, jembe begani, ukapaza sauti mtaa mzima usikie: "Shikamoo, Bi Mtangazaji!" Nami nikikujibu kwa ukali wa uongo, "Marahaba, we mkaidi! Na hiyo kanzu ya Ijumaa waipeleka shambani kwa nani?" Siku hizi najikuta nimeitikia na hapana aliyenisalimu. Majirani wakinisikia husema Zuhura ameanza. Na waseme.

Nakuandikia mbele za watu, asomaye asome. Wewe wajua kwamba mimi siri sizijui. Maisha yangu yote ya kazi, nilipotaka kukwambia jambo nililisema redioni, wakasikia wa Mambrui, wa Malindi na wa Muyeye, nawe ukasikia pamoja nao huko bondeni, redio yako imetundikwa kwenye mti wa uzio. Kunong'ona sikujifunza, na uzee huu sitajifunza tena.

Unakikumbuka kile chumba? Juu ya duka la vitambaa, ngazi nyembamba ya kupandia kwa ubavu, kutani trei za mayai za kuzuia mwangwi. Ile feni tulikuwa tukiizima kila nikitaka kusema, maana ilikuwa ikilia kama kuku anayetaga. Siku moja uliniletea mchicha, ukakaa pembeni kungoja nimalize habari, ukapiga chafya. Chafya gani ile, Bakari! Ilitoka hewani nzima nzima. Nilipofika nyumbani jioni nikaambiwa mji mzima umekuombea rehema. Ulitembea wiki nzima umejiona mtu mashuhuri.

Watu wa mbali wangeiona kazi ya kipuuzi. Nilikuwa natangaza misiba, harusi, mbuzi waliopotea, na dawa zimefika zahanati gani. Watu niliwataja kwa majina wanayoitwa, maana ukisema amefariki Athumani Omari, Mambrui wako akina Athumani Omari wangapi? Lakini ukisema Athumani Kijiko, mji unainuka wote. Mume akichelewa kurudi nyumbani, mkewe alinipigia, nami nikasema, "We Karisa, ugali unapoa." Karisa akirudi huku anacheka kwa haya. Hayo ndiyo yaliyokuwa mambo yetu. Sisemi yalikuwa makubwa.

Na kubwa lilikuwa moja, mto.

Neno la kuonya juu ya mto tulilichukua kwa mama, nawe ulikuwa mdogo sana, labda wakumbuka matope tu. Mama aliona vibaya kuyataja mafuriko kwa jina lake karibu na maji. Maji ya mto wetu Sabaki yakianza kugeuka rangi na kubeba vijiti, aliinuka pale alipokuwa akipalilia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mto una wageni. Wapisheni." Basi tunakusanya majembe na sufuria, tunapanda juu. Wewe siku moja ukauliza, "Mama, wageni gani hawa hawabishi hodi?" Akakujibu, "Ndiyo maana tunawapisha." Halafu akakubeba mgongoni, umenuna kwa sababu ulitaka kuwaona.

Miaka mingi baadaye nililipeleka hewani, na wala sikukusudia. Mama Kadzo, yule mwenye kibanda cha chai kule Garashi juu ya mto, alinitumia ujumbe kwamba bara kumenyesha na maji yanakuja. Huku kwetu jua linawaka, nguo zimeanikwa. Nikaogopa kutisha watu, neno la mama likanitoka ulimini. Mto una wageni. Na bonde zima likaelewa, Bakari, kwa sababu wazee wa bonde wote walikuwa na mama kama mama yetu.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Mama Kadzo akituma neno, mimi nampigia kwanza. "Mama Kadzo, wameyafikia mawe ya kufulia?" Akisema bado, nangoja kidogo, nampigia tena. Akisema, "Washayapita, mwanangu," nakata wimbo katikati, sipigi kengele, simkaribishi mtu. Nanyamaza mpaka watu washtuke. Kisha nasema polepole, narudia, narudia tena: mto una wageni. Walio bondeni upande wa Mambrui, walio upande wa Malindi, pandeni. Pampu ziacheni. Na mwisho nasema na wewe, maana nakujua: "Bakari, nasema nawe. Pampu iache."

Ulikasirika wee! Ulikuja na matope yako miguuni, ukasimama mlangoni. "Dada, umeniaibisha. Sokoni sasa wananiita Bakari Pampu." Nikakwambia, bora uitwe Pampu kuliko uitwe marehemu. Ukaguna. Lakini kila mara uliiacha. Ilizama, mkaifukua, mkaifungua na Kahindi, mkaianika vipande vipande juu ya mkeka kama samaki wa kukausha, ikawaka tena. Ilikuwa yenu wawili, wewe na Kahindi, mashamba yenu yakigusana, na siwalaumu kwa kuipenda. Bila pampu ile hakuna bamia, na bila bamia watoto hawasomi.

Halafu mzee mwenye kituo akauza. Simlaumu naye. Macho yalikuwa yamemwisha, wanawe wako ng'ambo, mitambo mibovu. Kampuni iliyonunua ilikuwa ya jiji kuu, na ilikuwa ikinunua vituo vidogo vyote vya pwani kimoja kimoja, kama mtu anayeokota dagaa. Akaja kijana mstaarabu, viatu vinang'aa, akatukusanya chini ya trei zetu za mayai. Akasema wasikilizaji watapata ubora. Akasema kila kitu kitatoka mahali pamoja, kwa hiyo hakuna tena kukatika wala kelele. Nikamuuliza, "Na mto je?" Akaandika kwenye simu yake. Akasema ni hoja nzuri sana.

Tukaambiwa asante. Mlingoti ukabaki kwetu, mdomo ukahamia kwao. Hata namba ya kutuma ujumbe waliibakiza ile ile, maana watu walishaizoea. Ila simu yenyewe sasa ilikuwa inalia jijini, mezani kwa mtu asiyemjua Mama Kadzo.

Na sauti ikawa nzuri kweli, nisiwe mwongo. Jogoo hawiki hewani, feni hailii. Asubuhi tukaambiwa barabara gani ya jiji ina msongamano, ili sisi tulioko Mambrui tujue tupite wapi! Nilikuwa nasonya mpaka meno yanauma. Misiba ikawa haisemwi. Athumani Kijiko alipofariki, kaburini walisimama watu wachache, wengine wakaja siku tatu baadaye wamejifunika nyuso kwa aibu, kila mmoja akiapa hakujua. Wewe ulikuwa mmoja wao. Ulilia siku ile kuliko wanawe.

Lakini redio yako hukuitoa mtini. Nilikuuliza, kwa nini wawasikiliza hawa? Ukanijibu kwa ule upole wako wa kuudhi, "Dada, mto ukija watasema. Nao si binadamu?" Ni kweli, binadamu walikuwa.

Sasa nikueleze siku yenyewe, maana wewe uliiona upande mmoja tu.

Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Jua kali, hapana wingu. Redio nilikuwa nimeiwasha kwa inda, nipate wa kumsonya. Binti mtangazaji alikuwa akisoma ujumbe wa wasikilizaji, mmoja anamsalimu mpenzi wake, mwingine analia na bosi wake. Mara akaangua kicheko. "Jameni, huyu ameniua! Kuna msikilizaji anasema mto una wageni. Eti mto una wageni! Mrembo, ni mto gani huo, wa kitandani? Na wageni wenyewe ni wangapi? Wasikilizaji, kuna mtu jana hakulala peke yake!" Mwenzake naye akacheka, wakaweka wimbo wa mapenzi.

Kwake yeye mto ni kitu cha kulalia kichwa. Ni Kiswahili hicho hicho, hakukosea hata herufi. Sabaki hajawahi kuuona.

Mbuzi ikaanguka huku, nazi kule. Nilikupigia, ikaita chumbani kwako, maana simu huipeleki matopeni. Nikaipigia namba yetu, ile ile niliyoishika miaka yote. Ikapokewa na mashine. Bonyeza hapa kwa zawadi, bonyeza pale kwa matangazo ya biashara, simu yako ni muhimu kwetu. Bakari, nilisimama katikati ya jikoni nikapiga kelele, "Mto una wageni! Bakari, pampu iache!" Sauti ile ile, mapafu yale yale. Ilifika kwa jirani. Jirani akaja mbio akidhani nimeungua.

Nikapanda pikipiki mpaka bondeni. Nilipofika, bonde halikuwapo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita na migomba, na milango, na mbuzi mzima amekaa juu ya paa. Kahindi alikuwa ukingoni, amelowa, amekaa chini kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Nilimtikisa. Akaniambia, na maneno yake nayaweka hapa kama alivyoyasema:

"Alisikia, dada. Sote tulisikia. Bakari akainua kichwa, akaniuliza, umesikia? Nikamwambia nimesikia. Tukasimama kungoja lirudiwe, maana wewe ulikuwa husemi mara moja. Wakaweka wimbo. Bakari akacheka, akasema, 'Hao wanacheza. Ingekuwa kweli, dada yangu angesema.' Tukarudi kulima. Maji yalipotokeza kwenye kona, mimi nilipanda. Yeye akateremka kwenye pampu."

Walikupata kwenye mikoko karibu na mdomo wa mto. Bahari mpaka Malindi ilikuwa nyekundu kwa udongo wa mashamba ya watu. Tulikuzika alasiri, na safari hii watu walijaa, maana mto wenyewe ulikuwa umekwisha kuwatangazia.

Watu wananiambia, Zuhura, jisamehe. Nijisamehe nini? Mimi sikufanya kosa lolote, na hilo ndilo linalonichoma. Ningekuwa na kosa ningetubu nikalala. Nilikaa jikoni na neno mdomoni, wewe ukakaa bondeni na masikio yako, na kati yetu akawekwa mtu mwema mwenye sauti nzuri ambaye hakuna aliyemjua. Habari ilifika, ndugu yangu. Ilifika kwa wakati, imetimia. Ilikosa mtu wa kuaminiwa tu.

Nilikwenda kulalamika. Wapi? Pale juu ya duka la vitambaa sasa kunauzwa marashi. Penye mlingoti kuna sanduku la chuma limefungwa kufuli, na askari mmoja mpole ambaye hajui lililomo ndani. Nikapiga simu siku nyingi mpaka nikampata mtu halisi. Alinisikiliza, akanipa pole, akaniita mama. Akarudi baada ya kuangalia kumbukumbu zao. "Mama, ujumbe ulisomwa kama ulivyotumwa." Ulisomwa kama ulivyotumwa.

Nikamwambia basi nirudisheni, hata kwa dakika chache za asubuhi, hata bila mshahara, mnipe kipaza sauti niseme na watu wa bonde. Akasema mfumo ni mmoja, mama. Nikisema mimi, wanasikia miji yote, na miji mingine haina mto. Alikuwa ananieleza kweli tupu, tena kwa adabu.

Hazikupita siku nyingi, wakaanzisha kipindi cha jioni cha mapenzi. Watu wanapiga simu kusimulia wamesalitiwa na nani. Nadhani jina lake umeshalikisia. Yule binti alilipenda lile neno. Sasa kila jioni, baada ya magharibi, sauti nene ya kiume inasema "Mto Una Wageni," kinanda kinalia, watu wanacheka. Vijana wameliandika nyuma ya tuktuk zao huko Malindi. Nimelisikia sokoni, mwanamke anamtania mwenzake aliyechelewa kuamka. Neno la mama yetu, Bakari! Nikilisema mimi leo kwa sauti yangu yote, nikarudia, nikarudia tena, nani atapanda? Watafikiri Bi Zuhura naye amepata bwana.

Usidhani nimekaa tu. Tulifungua kundi la kwenye simu, la watu wa bonde. Likajaa dua za kusambaza, picha za maua, na ugomvi wa siasa, na wenye simu ndogo za tochi hawamo kabisa, na hao ndio wengi walioko shambani. Tukajaribu kipaza sauti cha msikiti. Kinafika mpaka mwisho wa minazi, upepo unakigeuza. Kahindi alileta kengele ya kuning'iniza, ikaibiwa kabla haijapigwa hata mara moja. Nilicheka siku ile, kicheko kibaya.

Mwisho nikasema nimtafute Mama Kadzo, anipe neno mimi mwenyewe. Hakuwahi kuwa na namba yangu, kwake mimi nilikuwa redio, na yake ilikwenda na simu ya kituo. Kahindi akaipata yake kwa jamaa zake. Nilipojitaja, akalia. Akaniambia siku ile aliposikia wanamcheka hewani alidhani ni wewe na mimi na watu wa chini tumemchoka, tunamfanyia mzaha. Alizima redio. Baadaye akasikia habari za maiti. Nikamwambia, "Mama, sasa nitumie mimi. Hii hapa namba yangu." Akasema, "Mwanangu, mimi nimeacha kuutazama ule mto. Kibanda nimekihamisha, niko barabarani sasa. Sitaki tena." Sikumlazimisha. Ningemlazimishaje? Amekuwa macho ya bonde zima bila mtu kumwomba, na malipo yake yakawa kuulizwa mbele ya nchi amelala na nani.

Basi huko juu hakuna atazamaye, na huku chini hakuna asemaye. Mto upo vilevile.

Juzi nimesikia bara kumeanza kunyesha. Na mkeo, wifi yangu Mwanahamisi, amerudi bondeni. Usimkasirikie. Nilimwomba tukaange samaki pamoja tuuze, akasema ardhi ile ndiyo uliyomwachia, hataki kuikimbia. Amepanda bamia na matikiti. Redio hana. Anacho kilicho kibaya kuliko redio, ananitegemea mimi.

Leo asubuhi alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Wifi, kuna habari ya mto?"

Nikamwambia bara kunanyesha, ila ya mto sijasikia kitu. Nikamshika mkono, nikasema, "Lakini nisikilize vizuri. Kutosikia kwangu hakuna maana. Siku hizi mimi siambiwi. Usiende kwa neno langu."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemliwaza mgonjwa. "Wifi, wajisumbua bure. Kungekuwa na jambo, wewe ungesikia. Wewe si Bi Zuhura?" Akasema alhamdulillahi, akafunga leso kiunoni, akachukua jembe, akateremka shambani.

Nakuaga hapa, ndugu yangu. Mungu akupe mahali pakavu.

Ni mimi dada yako, niliyebaki Mambrui.